Kubuku kruzi ijayo ukiwa bado melini: jinsi ya kuamua kabla hujatoa kadi

Kila meli ya kitalii ina lile dawati, mara nyingi liko karibu na mapokezi au njiani ukielekea ukumbi wa shoo, wamekaa wadada na wakaka wenye kompyuta na mabango ya meli mpya na kazi yao ni moja tu, kukuuzia safari ijayo wakati hii hujaimaliza. Kampuni ya meli ya Royal Caribbean wanaliita NextCruise, Norwegian wao wanasema CruiseNext, wamegeuza tu maneno, na Carnival, Princess, Disney nao wana la kwao. Na wanajua wanachofanya, maana siku ya tatu ya kruzi mtu hajapika, hajaosha sahani, hajakaa kwenye foleni ya magari, ukimuuliza kama anataka kurudi atakwambia hata kesho.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usipoteze muda: kubuku melini kunalipa pale tu ambapo dipoziti yako inarudi, NA safari yenyewe ungeenda hata kama wasingekupa zawadi yoyote. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili chukua karatasi ya bei, sema asante, nenda kale.

Kwa mfano nitatumia kruzi za siku saba zinazotoka Galveston kule Texas kwenda Cozumel na Costa Maya za Mexico, na Roatán ya Honduras, kwa sababu wengi wetu wa Houston na Dallas hiyo ndo bandari tunayofika kwa gari bila kukata tiketi ya ndege. Ukipanda Southampton au Barcelona au Durban hatua ni zile zile, kinachobadilika sana ni viza, na hapo kwenye viza nitakaa muda mrefu kidogo.

HATUA YA 1: Anza nyumbani, kabla hata hujapakia begi

Chagua safari mbili au tatu ambazo kweli unazifikiria kwa mwaka ujao au unaofuata, fungua tovuti ya kampuni, piga skrinishoti za bei na aina ya kabini na tarehe. Weka kwenye simu. Waifai ya melini inauzwa kwa siku na sio rahisi, na hata ukiilipia kulinganisha bei ukiwa katikati ya Ghuba ya Mexico na mtandao unakatika katika ni mateso. Bila zile skrinishoti yule wa dawatini akikwambia "hii bei ni ya melini tu" huna cha kumjibu. Mara nyingi bei ya kabini yenyewe ni ile ile iliyoko kwenye tovuti, tofauti ni kile wanachoongezea juu.

Angalia pia bei uliyoiona ina nini ndani. Bei za matangazo ni za kichwa kimoja lakini kwa hesabu ya watu wawili ndani ya chumba, ukisafiri peke yako jiandae kulipia karibu nafasi zote mbili. Kwa Marekani tangu katikati ya 2024 makampuni makubwa yalianza kuonyesha bei pamoja na kodi na ada za bandari baada ya sheria ya California, ila tipu ya wahudumu bado inakuja pembeni.

HATUA YA 2: Jua unauziwa kitu gani, maana ni vitu viwili tofauti

Cha kwanza ni bukingi kamili: meli hii, tarehe hii, kabini namba fulani, bei imefungwa. Cha pili ni nafasi ya baadaye, yaani unalipa dipoziti ndogo leo bila kuchagua chochote alafu utachagua ukiwa nyumbani umetulia. Disney ndo mfano mzuri wa hii ya pili, unaweka dola 250, unapata punguzo la asilimia 10 kwenye safari nyingi zinazoondoka ndani ya muda waliouweka, na ukibadili mawazo hela inarudi. Princess nao wana dipoziti ya dola 100 kwa kila mtu ambayo unaitumia ndani ya miaka miwili na inakuja na krediti ya kutumia melini.

Hii ya pili ndo naipenda mimi, tena sana, kwa sababu haikulazimishi kuamua ukiwa umejaa maji ya nazi kichwani. Ila soma masharti ya siku ile, haya makampuni yanabadilisha ofa zao mara kwa mara na kile alichokwambia shemeji yako aliyepanda meli miaka mitatu nyuma kinaweza kuwa hakipo tena. Swali moja tu linatosha: "nisipoitumia, hii hela inarudi kwenye kadi yangu au inageuka kuwa cheti?" Cheti sio hela. Cheti ni deni lao kwako ambalo unalipwa kwa kwenda tena kwao.

HATUA YA 3: Nenda mapema, na usinunue siku hiyo hiyo

Watu wengi huenda dawatini siku ya mwisho ya bahari, ndo siku yenye foleni kuliko zote, na ukiwa umesimama kwenye foleni dakika arobaini ukifika mbele unajikuta unataka tu kumaliza. Nenda siku ya pili au ya tatu, hasa jioni ya siku ambayo meli ilikua bandarini, watu wamechoka na matembezi na dawati liko tupu. Kaa, uliza, omba kotesheni iliyochapishwa yenye jina la meli, tarehe, aina ya kabini, jumla pamoja na kodi, aina ya dipoziti, na tarehe ya malipo ya mwisho. Ukitoka na karatasi hiyo umeshamaliza nusu ya kazi.

Kuna pia vile vikao vya ukumbini vyenye bahati nasibu, wanakwambia njoo usikilize ushinde safari. Nenda kama huna la kufanya, vinafundisha kidogo kuhusu meli mpya na ratiba zilizofunguliwa karibuni, lakini usiende na kadi mkononi. Na usiwachukie wale wa dawati, wengi wao wanajua kazi yao vizuri kuliko watu wa kwenye simu na wanaweza kukwambia kabini gani iko chini ya jiko au juu ya disko. Ni wauzaji tu, basi, wana malengo ya mauzo kama muuzaji yeyote.

HATUA YA 4: Piga hesabu ya ile zawadi kwa kalamu

Hapa ndo watu wengi hudanganyika, sio kwa uongo, kwa furaha tu. Tuchukulie wanandoa wanaangalia kabini ya balkoni siku saba, dola 900 kila mtu, jumla 1,800. Dawati linawapa krediti ya dola 100. Sikia "dola mia bure" inavyonoga. Sasa tipu tu, ikiwa ni dola 18.50 kwa mtu kwa siku, ni 18.50 mara siku 7 mara watu 2, inakuja dola 259. Ile zawadi haifiki hata nusu ya tipu. Sisemi ni mbaya, mia ni mia, lakini isikufanye ubuku safari ya 1,800 ambayo hukuitaka.

Alafu uliza mambo matatu kuhusu hiyo krediti. Ni ya kila mtu au ya chumba kizima? Mara nyingi ni ya chumba. Inajumlishwa na ofa nyingine zilizopo kwenye tovuti au inazifuta? Na isipoisha inarudishwa? Nyingi hazirudi, usiku wa mwisho inayeyuka, kwa hiyo uitumie kulipia tipu au matembezi ya bandarini badala ya kukimbilia duka la saa na manukato saa nne usiku ili tu isipotee.

Linganisha na ejenti wako wa nyumbani pia. Maejenti wengi Marekani hutoa krediti yao wenyewe kutoka kwenye kamisheni wanayolipwa, na kuna msimu wa ofa kati ya Januari na Machi ambapo makampuni yote yanashindana, pamoja na ile wiki ya Black Friday. Kama unashuka melini Desemba basi kusubiri wiki tatu nne hakukugharimu kitu. Kama unashuka Aprili na unataka Krismasi ya mwaka huo, hapo kusubiri kunaweza kukuumiza.

Kuna safari ambazo kubuku mapema kuna maana ya kweli, bila kujali dawati. Krismasi na mwaka mpya. Likizo ya Machi ya shule za Texas. Vyumba viwili vyenye mlango wa ndani kwa familia yenye watoto wanne, hivyo huisha haraka kuliko kitu chochote melini. Meli mpya kabisa ambayo haijaanza kazi. Lakini kabini ya ndani mwezi Septemba, katikati ya msimu wa vimbunga unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30, hiyo usiwe na presha nayo, itakuwepo.

HATUA YA 5: Dipoziti

Inarudi au hairudi? Usikubali jibu la "unaweza kubadilisha muda wowote", kubadilisha sio kurudishiwa. Kwa Royal Caribbean kwa mfano ile bei nafuu huwa inakuja na dipoziti isiyorudi, na ukibadili meli au tarehe wanakata dola 100 kwa kila mtu, ukitaka ya kurudi unalipa bei ya juu kidogo. Familia ya watu watano ikibadili tarehe mara moja ni dola 500 zimeondoka, zawadi ya melini imekufa hapo.

Uliza tarehe ya malipo ya mwisho, huwa ni kama miezi mitatu hadi minne kabla ya kuondoka kutegemea kampuni na urefu wa safari, na baada ya hapo ukighairi adhabu inapanda kwa hatua kadri siku ya kuondoka inavyokaribia. Uliza dipoziti inakatwa wapi, kwenye akaunti yako ya melini au moja kwa moja kwenye kadi, na kwa sarafu gani. Wale mnaosafiri na kadi za benki za Dar, Nairobi au Kampala, dola ikikatwa kwenye akaunti ya shilingi benki inaweka na makato yake juu, na ikirudishwa miezi kumi baadae inarudi kwa rate ya siku hiyo.

HATUA YA 6: Makaratasi yako, hapa usiruke

Mwongozo mwingi wa kruzi umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye pasi ya Marekani au Uingereza, ndo maana wanaruka hili. Sisi hatuwezi. Yule wa dawatini hatakuuliza hali yako ya uhamiaji na sio kazi yake, atakuuzia tu, alafu siku ya kupanda meli unazuiwa bandarini na hela hairudi.

Kama uko Marekani na ombi lako la grini kadi, ile fomu I-485, bado halijajibiwa, kruzi ya Cozumel ni kutoka nje ya nchi. Ndio, hata kama meli inarudi Galveston, hata kama hukushuka kabisa bandarini Mexico. Ukitoka bila kibali cha Advance Parole, yaani ruhusa ya kutoka na kurudi unayopewa kabla ya kusafiri, ombi linahesabika umeliacha, isipokua makundi machache kama wenye viza za kazi za H-1B na L. Wenye ombi la hifadhi ya ukimbizi nao wana hatari ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kama hujui karatasi zako zitakua zimefika wapi mwaka ujao, bukingi yenye dipoziti isiyorudi usiiguse, na kabla ya kulipa chochote ongea na wakili, sio na mjomba wa kwenye grupu la WhatsApp. Mwenye grini kadi tayari ana nafuu, Mexico inampokea bila viza yao, lakini bandari nyingine kwenye ratiba ziangalie moja moja kwa pasi yako ya Tanzania au Kenya au Burundi, usiangalie kwa pasi ya rafiki yako.

Kama una viza ya utalii ya Marekani na unaruka kutoka Dar au Nairobi kuja kupanda meli, hakikisha viza ni ya kuingia zaidi ya mara moja na bado itakua hai siku ya kurudi, kwa sababu utaingia Marekani mara mbili, ya ndege na ya meli.

Mediterania ina mtego wake. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, huwezi kuiomba mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, wakati dawati linakuuzia safari ya miezi kumi na nane mbele. Kwa hiyo unabuku leo, viza unaomba miezi sita kabla, na malipo ya mwisho yanaangukia miezi mitatu minne kabla. Maana yake una kama siku 60 hadi 90 tu za kupata jibu la ubalozi kabla hela haijafungwa, na hapo ndani kuna kutafuta apointimenti ambayo kwa Nairobi na Dar inaweza kula wiki kadhaa. Andika tarehe zote tatu kwenye karatasi moja kabla hujakubali. Na kama meli inatoka Piraeus inagusa Kuşadası Uturuki alafu inarudi Ugiriki, umetoka Schengen na kuingia tena, omba ya kuingia mara nyingi. Ghuba ya Uarabuni nayo ni vivyo hivyo, Dubai kwenda Muscat ya Oman na kurudi Dubai ni kuingia Emirates mara mbili.

Kwa wanaoona hii yote ni kero, Durban ipo. Kampuni ya MSC huwa wanaleta meli msimu wa joto wa kule, kuanzia mwisho wa mwaka hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, na Watanzania na Wakenya wanaingia Afrika Kusini kutembea bila viza, Wakenya tangu Januari 2023. Safari nyingi ni fupi, zinaenda upande wa Msumbiji. Sio Karibi, lakini umelala usingizi.

Na ratiba zenyewe zinabadilika. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zilikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikazunguka Afrika au safari zikafutwa kabisa. Kampuni ikifuta safari yenyewe hela yako inarudi, ila tiketi ya ndege uliyonunua kwingine hairudi kwa sababu hiyo. Ndege nunua mwisho.

HATUA YA 7: Ejenti wako, na kama unabukia kikundi

Kama safari hii ulikatiwa na ejenti mwambie wa dawatini jina lake, wanaunganisha bukingi mpya na ejenti huyo huyo na faida za melini unabaki nazo. Ukibuku bila kumtaja kisha ukataka kuihamishia kwake baadae unapewa muda mfupi, kampuni nyingi wanahesabu siku sio miezi, na ukishalipa yote dirisha limefungwa.

Kikundi ni habari nyingine. Kina mama wa kikoba wameona picha zako WhatsApp, wameanza "mwakani twende wote", na wewe melini unajisikia kiongozi unataka kufunga vyumba kumi. Usifunge. Bukingi za kikundi zina utaratibu wake, kawaida kuanzia vyumba 8 yaani watu 16, na hapo mara nyingi kuna nafasi moja ya bure kwa kila watu 16 waliolipa, kitu ambacho ukibuku chumba chumba kwa jina lako hupati. Chukua kotesheni, rudi nayo, watu watoe dipoziti zao wenyewe kwa kadi zao wenyewe. Ahadi za kwenye grupu unazijua.

HATUA YA 8: Ukishakubali, siku za kwanza nyumbani

Soma invoisi kabla hujashuka melini, sio nyumbani. Majina kama yalivyo kwenye pasi, tarehe za kuzaliwa, na ile krediti waliyokuahidi iwe imeandikwa. Kosa la jina dawatini linarekebishwa kwa dakika mbili, kwa simu unasikiliza muziki saa nzima.

Bima: kwa Marekani, kama kuna mtu ana kisukari au presha au ujauzito wa mashaka, bima nyingi zinakubali ugonjwa uliokuwepo kabla ikiwa tu umenunua ndani ya siku 14 hadi 21 tangu dipoziti ya kwanza. Dipoziti ya kwanza ni ile ya melini. Watu wengi wanafika nyumbani wanapumzika, wanaikumbuka bima baada ya mwezi na hapo wameshachelewa.

Bei iendelee kuangaliwa. Kwa waliobuku Marekani, kabla ya malipo ya mwisho bei ikishuka piga simu wakupe mpya, na kama dipoziti yako ni ya kurudi una nguvu zaidi, unaweza kughairi na kubuku upya, ila uliza kwanza kama zile faida za melini zinahamia kwenye bukingi mpya au zinakufa na ya zamani. Wakati mwingine bei imeshuka dola 60 na krediti inayopotea ni 100.

Weka kengele kwenye simu wiki mbili kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, sio siku yenyewe. Siku hiyo unakaa na mwenzio, mnaangalia likizo zenu kazini, viza, hela, na kama jibu ni hapana mnaghairi hapo hapo, dipoziti inarudi, na mnaangalia tarehe nyingine.